Akiba Ikigeuzwa Mtaji

Kila aliyepitia darasa la fasihi simulizi anaijua methali isemayo kwamba akiba haiozi. Tumeifafanua mara nyingi mno mitihanini hata hatuioni tena kuwa na la kupingwa. Iko nchi, hata hivyo, ambamo akiba huoza kisheria pindi inapovuka pauni 16,000. Nchi hiyo ni Uingereza, na sheria ninayoikusudia ni ile ya nafuu ya kodi ya halmashauri.

Huenda ukauliza kodi ya Waingereza inatuhusu nini sisi wanafunzi wa Kiswahili. Wapo wazungumzaji wa Kiswahili waliohamia huko, wakapata uraia au ukaazi wa kudumu, wakazeekea huko. Fomu za nafuu hii huwafikia. Isitoshe, mzozo wenyewe, kwa maoni yangu, ni mzozo wa maana ya neno.

Kodi hii ilianzishwa mwaka 1993, nayo hutozwa kaya kulingana na daraja la thamani ya nyumba. Asiyejiweza hupunguziwa. Mwaka 2013 serikali kuu iliufuta mpango wa zamani wa nafuu, ikaziachia halmashauri za England zitunge mipango yao wenyewe kwa watu wasiofikia umri wa pensheni, huku ikizipunguzia fedha kwa takriban asilimia 10. (Uskoti na Wales zina mipango yao.) Halmashauri nyingi zilishikilia ukomo wa akiba wa pauni 16,000, nyingine ziliushusha hadi 10,000, au hata 6,000. Basi watu wawili wenye kipato sawa na akiba sawa, waliotenganishwa na mpaka wa halmashauri tu, mmoja husaidiwa na mwenziwe hunyimwa.

Wazee walibakishiwa kanuni za kitaifa, na hapo ndipo nataka tutue kidogo. Pauni 10,000 za kwanza za mzee hazihesabiwi. Zinazozidi hapo, kila pauni 500 au sehemu yake huchukuliwa kuwa inamletea kipato cha pauni 1 kwa wiki. Piga hesabu: ni pauni 52 kwa mwaka kutokana na pauni 500, yaani zaidi ya asilimia 10. Ni benki gani ya mtaani humpa ajuza riba ya namna hiyo? Jibu limo katika neno linalotumiwa na sheria yenyewe, ambalo kwa Kiswahili ni mtaji. Nasi twajua kuwa mtaji na akiba si pacha. Mtaji hutoka nyumbani ukafanye kazi, urudi na faida. Akiba hukaa kimya ikingoja siku ya dhiki: jokofu lifapo, paa livujapo, mazishi yatakapowadia. Sheria humtazama mwenye akiba ikamwona mfanyabiashara.

Kisha kuna genge. Mzee mwenye pauni 16,000 kamili hudhaniwa kupata pauni 12 kwa wiki. Kwa kuwa nafuu hupunguzwa peni 20 kwa kila pauni ya kipato cha ziada, dhana hiyo humgharimu pauni 2.40 kwa wiki, si zaidi. Akiongeza pauni moja tu kwenye akiba yake, hupoteza nafuu yote, isipokuwa awe ni miongoni mwa wale maskini zaidi wanaopokea nyongeza ya pensheni ya kuwahakikishia kima cha chini. Katika mwaka wa fedha wa 2025/26, kodi ya daraja la D nchini England ilikuwa wastani wa pauni 2,280. Mume na mke nao huhesabiwa pamoja chini ya ukomo huo huo mmoja.

Wapo watakaosema kwamba si haki kibarua asiye na kitu amlipie kodi mwenye pauni 30,000 benki. Hoja hiyo ina uzito, nami siipingi. Lakini nyumba anayoishi mtu haihesabiwi hata ikiwa na thamani ya pauni 800,000, ilhali mpangaji mwenye pauni 17,000 hufungiwa mlango. Ukomo huu basi haupimi utajiri. Hupima umbo la utajiri.

Kwa ndugu zetu wa huko mambo huzidi kutatanika. Kipande cha shamba kilichoko Kitui au Kisii nacho huhesabiwa kuwa mtaji, kwa thamani yake baada ya kuondoa madeni na gharama za kuuza. Mama mweka hazina wa chama cha kuchangiana, ambaye fedha za wenzake zimo katika akaunti yake, hana budi kuthibitisha kuwa si zake. Na aliyewapelekea jamaa fedha ili apungukiwe na kustahili nafuu, huhesabiwa kana kwamba angali nazo.

Ningependa genge hilo liondolewe, makato yaendelee polepole hadi nafuu iishe yenyewe, na kiwango cha faida ya kudhaniwa kilingane na riba halisi za benki. Hayo yamo mikononi mwa wabunge wa Uingereza. Lililo mikononi mwetu ni tafsiri. Mfasiri anayemwandikia mzee wetu swali “Una mtaji?” amemtega. Mzee ambaye hajawahi kufanya biashara maishani atajibu kwa moyo mweupe kuwa hana, ilhali ana pauni 17,000 za mazishi na ekari mbili nyumbani. Siku halmashauri itakapogundua, itamdai nafuu yote aliyokwisha kupata na kumshuku kwa kuficha. Aulizwe akiba yake, aulizwe shamba lake, aulizwe na fedha za watu alizotunziwa, kila moja kwa jina lake.