Tunamkaripia mama lishe, tunaiogopa mashine



Juma lililopita niligundua ya kuwa kampuni moja ya simu imekuwa ikinikata shilingi 100 kila siku kwa huduma ya miito ambayo sikuiomba kamwe. Siku 41. Nikapiga namba ya huduma kwa wateja. Sauti ya mashine ikaniambia kwamba mimi ni mteja wa thamani, ikaniamuru nibonyeze moja, kisha tatu, kisha sifuri, ikanipigia muziki kwa dakika 26, halafu simu ikakatika. Nilipopiga tena alipokea binti mwenye adabu, lakini asiye na mamlaka ya kurudisha hata senti. Maskini, amewekwa pale apokee hasira zetu kwa niaba ya wakubwa wasiopokea simu.

Katekista aliponiona nimenuna, alinichukua tukale kwa mama lishe karibu na soko. Benchi la mbao, turubai juu, basi. Mama alitunawisha kwa jagi la maji ya vuguvugu, akatupakulia ndizi za nyama na mchicha ulioteremka kutoka Mgeta. Mbele yetu milima ya Uluguru ilikuwa imejifunika ukungu hadi kiunoni. Nakiri ya kuwa niliongeza sahani.

Mara bwana mmoja aliyeketi nasi akaanza kufoka: chumvi haitoshi, tena amengoja dakika kumi! "We mama, unafanya biashara au unacheza?" Mama akaomba radhi, akaleta chumvi na ndimu, akamwongezea upawa wa maharage bila malipo. Bwana yule hakushukuru. Nikamsimulia habari ya simu yangu. Akacheka. "Padre, hata mimi wananikata, tangu mwaka jana. Achana nao, utawaweza wapi?"

Ndugu zangu, nagombana na maneno hayo, maana nimeyasikia pia vinywani mwenu. Mwanamke aliyeamka usiku kuwasha mkaa, akasimama mbele yetu na kusahihisha kosa lake papo hapo, tunamtukana. Anayetuchukulia fedha kimyakimya tunamwachia, kisha tunajisifu kuwa wavumilivu. Huo ni woga. Wengine watasema mia si kitu. Kwa mwezi ni 3,000, mlo wa mtu mzima kwa mama yule yule. Na sidhani kwamba wanaokatwa ni sisi wawili tu.

Wala hatukuachwa bila mlango wa kubisha. Sheria ya mwaka 2003 iliunda Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, pamoja na baraza la ushauri la watumiaji wa huduma hizo. Utaratibu si mgumu: lalamika kwanza kwenye kampuni yenyewe, dai namba ya lalamiko, andika tarehe. Wasipokutendea haki, peleka shauri TCRA. Na ukimpata yule binti simuni, usimfokee. Mwombe namba hiyo tu.

Lalamiko langu la shilingi 4,100 nimekwisha kuliandika. Jumapili ijayo, baada ya Misa ya pili, nitakuwa ofisini na karatasi na kalamu. Njooni na simu zenu na tarehe mlizokatwa. Bwana yule wa sokoni nimemwalika pia, ingawa kwanza nilimtaka arudi kwa mama akaseme asante.