Papa 'wetu' ni wa nani?

Mwezi wa Mei mwaka 2025, makadinali 133 walipokuwa wamejifungia katika Kanisa Dogo la Sistine kumchagua mrithi wa Papa Francis, mwanafunzi wangu mmoja aliinua mkono katikati ya mhadhara juu ya viwakilishi. "Mwalimu," akasema, "safari hii Papa ni wetu." Alimkusudia Kadinali Fridolin Ambongo, Askofu Mkuu wa Kinshasa, ambaye jina lake lilikuwa likitajwatajwa. Darasa zima likapiga makofi. Nami, kwa mazoea mabaya ya sisi watu wa isimu, nikamwuliza: "Wetu, akina nani?"

Sikuwa nikifanya mzaha. Kiswahili kina "sisi" moja tu, isiyobainisha iwapo anayesemeshwa yumo au hayumo. Kisomali, lugha ya wenzetu wa Garissa na Wajir, hakiruhusu utata huo: "innaga" ni sisi pamoja nawe unayenisikiliza, ilhali "annaga" ni sisi bila wewe. Msemaji hana budi kuchagua. Sisi wa Kiswahili tumeachiwa upenyo, na aghalabu huutumia kujificha.

Tuwatazame Waigbo wa Nigeria. Mnamo Aprili 2005, alipofariki Papa Yohane Paulo wa Pili, jina la Kadinali Francis Arinze, mzaliwa wa Eziowelle katika jimbo la Anambra, lilisikika kote duniani. Ilikuwa imepita zaidi ya miaka 1,500 tangu afariki Gelasius wa Kwanza, Papa wa mwisho anayehesabiwa kuwa na asili ya Afrika. Fahari ya Waigbo siku zile ilikuwa kunjufu. Arinze alikuwa wao, na walikuwa radhi awe wa Nigeria, wa Afrika, hata wangu mimi niliyekaa Kenya nikisikiliza redio. Akachaguliwa Mjerumani, Joseph Ratzinger, na maisha yakaendelea.

Miaka saba baadaye, Desemba 2012, Papa huyo huyo Mjerumani alimteua Padri Peter Okpaleke kuwa Askofu wa Ahiara, katika nchi ya Wambaise. Okpaleke ni Mwigbo, tena anatoka Anambra kama Arinze. Lugha yao moja, dini yao moja. Hata hivyo Wambaise walimkataa katakata wakidai kwamba si mtu wao. Hata ibada ya kumweka wakfu, mwaka 2013, ilibidi ifanyiwe nje ya Ahiara. Mwaka 2017 Papa Francis alimtaka kila padri wa Ahiara aandike barua ya utii katika muda wa siku 30. Mwaka uliofuata Okpaleke alijiuzulu bila ya kukikalia kiti chake.

Si haki kuwacheka Wambaise. Walikuwa na dukuduku la kweli: eneo lao limetoa mapadri wengi mno, nao waliona maaskofu wa sehemu zao wakiletwa kutoka Anambra. Lakini angalieni jinsi neno moja lilivyonywea. "Wetu" iliyotosha bara zima mwaka 2005 haikumtosha jirani mwaka 2012. Mtu akiwa mbali, Roma, ni innaga. Akija kukaa nasi na kushika funguo za parokia, huwa annaga.

Je, tofauti yetu na Wambaise iko wapi? Hapa Kenya "mtu wetu" ni msamiati wa kampeni, na kila mpiga kura ajua mipaka yake bila kuambiwa. Mwanafunzi wangu, mzaliwa wa Kakamega, alimkumbatia Ambongo ingawa Kinshasa ni mji wa Kilingala, na Wakongo wanaozungumza Kiswahili wako mashariki na kusini, Bukavu na Lubumbashi. Nilimwuliza kama angemshangilia vivyo hivyo askofu kutoka kabila jingine akiteuliwa nyumbani kwao. Alitabasamu tu.

Mnamo Mei 8 akatokea roshani Leo wa 14, mzaliwa wa Chicago. Wamarekani wakasema ni wao. Watu weusi wa New Orleans wakataja babu na bibi yake mzaa mama. Lakini yeye, baada ya Kiitaliano, aliwasalimu kwa Kihispania watu wa Chiclayo huko Peru, alikokuwa askofu, wala hakutamka neno la Kiingereza.

Okpaleke naye alikuwamo ndani ya Sistine siku ile. Alifanywa kadinali mwaka 2022, akapiga kura pamoja na wale 132 wengine, na kwa sheria ya Kanisa hata yeye angeweza kuchaguliwa. Nilipowaeleza wanafunzi hayo juma lililofuata, yule kijana wa Kakamega aliuliza kama Baraza la Kiswahili likiundwa halingekopa "annaga". Nikamwambia neno hilo tungelikopa, ila sijui nani angethubutu kulitumia hadharani.