Video inaweza kumwonyesha muuguzi namna ya kung'oa jino, lakini haiwezi kumshika mkono

Kashebere, Kivu Kaskazini. Maoni ya mwandishi wetu.

Huku kwetu, mpakani mwa Masisi na Walikale, mtu akiumwa na jino ana njia tatu. Ya kwanza ni kuvumilia kwa vidonge vya maumivu vinavyouzwa kimoja kimoja sokoni. Ya pili ni kwenda kwa yule anayeng'oa meno kwa koleo moja, watu wote, bila ganzi. Ya tatu ni kushika barabara kwenda hospitali kuu ya Masisi au ya Walikale, kupita vizuizi na kulala njiani. Kwa familia iliyokimbia vita na kuacha shamba, njia ya tatu ni kama haipo.

Jino si ugonjwa mdogo. Usaha wa gego la chini ukishuka chini ya taya na kuingia shingoni, unaweza kufunga njia ya pumzi na kuua mtu ndani ya siku chache. Koleo likitoka kinywa kimoja kuingia kingine bila kutakaswa, linaweza kupeleka homa ya ini aina ya B na virusi vya UKIMWI. Watu wetu wanaogopa risasi, na wana haki. Lakini kuna vifo vinavyokuja bila kelele, na hivi ni baadhi yake.

Ninaandika haya kwa sababu katika vyuo vya udaktari wa meno kuna mjadala unaotuhusu sisi pia: je, video inaweza kufundisha kazi ya mikono? Mwezi wa tatu mwaka 2020, Korona ilipofunga vyuo vikuu katika Tanzania, Kenya, Uganda na hapa Kongo, wanafunzi wa meno walipata shida kuliko wengi. Mwanafunzi wa sheria anaweza kusoma kitabu nyumbani. Mwanafunzi wa meno anahitaji kinywa, taa na mwalimu pembeni. Ndiyo maana walimu wengi duniani walianza kurekodi kazi zao na kuzituma kwa wanafunzi.

Na hata kabla ya Korona sababu ilikuwepo. Kinywa ni chumba kidogo sana. Mwalimu akiinama kwa mgonjwa, wanafunzi kumi wanaosimama nyuma wanaona mgongo wake tu. Kamera inalileta gego karibu, inaonyesha sindano inaingia wapi na koleo linashika jino sehemu gani. Mwanafunzi anaweza kuisimamisha picha, akairudia mara tano, akaingia kwa mgonjwa akijua hatua ya kwanza hadi ya mwisho. Mwalimu aliye hai hawezi kurudia mara tano kwa kila mmoja.

Maoni yangu ni haya: kama video inamsaidia mwanafunzi wa Dar es Salaam au Kinshasa ambaye ana mwalimu karibu, basi muuguzi wa kituo cha afya cha huku anaihitaji zaidi. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2022, lilionyesha kwamba Afrika ina madaktari wa meno wapatao 3 kwa kila watu 100,000, karibu sehemu moja ya kumi ya wastani wa dunia. Na hao wachache wako mijini. Kinshasa, penye kitivo cha meno cha chuo kikuu, iko zaidi ya kilometa 1,500 kutoka Goma, na uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa Januari 2025. Tukisema tunangoja daktari wa meno aje Kashebere, tunangoja mvua ya kiangazi.

Wengine hawakungoja. Tanzania, upande wa Mwanza, shirika la Bridge2Aid liliwafundisha matabibu wa vijijini, watu ambao si madaktari wa meno, kupiga sindano ya ganzi, kung'oa jino bovu kwa usalama na kutakasa vyombo. Ni Tanzania pia, katikati ya miaka ya 1980, ambako ulianzia utaratibu wa kusafisha jino lililotoboka kwa vyombo vya mkono na kuliziba, bila mashine na bila umeme. Leo unatumika nchi nyingi. Kwa hiyo asituambie mtu kwamba kazi ya meno haiwezekani kijijini.

Kuhusu video kwa wauguzi, wakunga wametangulia. Shirika la Global Health Media linatoa bure video za uzazi na matunzo ya mtoto mchanga, na zipo kwa Kiswahili na kwa Kifaransa. Huko Gimbie, magharibi mwa Ethiopia, watafiti waligawa simu zenye video za uzazi salama kwa baadhi ya vituo katika vituo 73. Matokeo yalitolewa mwaka 2016. Baada ya miezi 12, wahudumu waliokuwa na simu walijua zaidi namna ya kumzindua mtoto asiyepumua na kuzuia mama kuvuja damu. Vifo vya watoto vilikuwa 14 kwa kila 1,000 upande wao, na 23 upande wa wengine, ingawa watafiti wenyewe walisema tofauti hiyo haikutosha kuwa ushahidi kamili.

Tushike yote mawili. Ustadi ulipanda kweli. Lakini ustadi kupanda ni jambo moja, na kuokoa maisha ni jambo lingine linalodai vyombo, dawa na msimamizi.

Kuna wanaopinga, na hoja yao ni nzito. Wanasema: ukisambaza video ya kung'oa meno, kesho kila kijana mwenye simu atajiita daktari. Ninawaelewa. Video haikuambii jino linapoanza kulegea mkono unasikia nini. Haikuambii ufanye nini mzizi ukivunjika ndani, wala damu ikikataa kukauka usiku. Haimuulizi mgonjwa kama ana presha au ana mimba. Mambo hayo yanafundishwa na mtu aliyesimama pembeni yako, anayeweza kusema acha.

Lakini kukataa video hakumwondoi mwenye koleo sokoni. Yeye yupo tayari, na hakuhitaji video. Atakayemwondoa ni muuguzi anayefanya kazi hiyo vizuri zaidi, karibu na kwa bei ambayo mkimbizi anaweza kulipa.

Kwa hiyo ninaomba mambo matatu kwa wakubwa wa zone ya afya na kwa mashirika yanayotusaidia. Mara chache nasikia meno yakitajwa wanapokuja kuuliza mahitaji yetu.

La kwanza, kila kituo cha afya kichague muuguzi mmoja. Aangalie video kwanza, kisha aende hospitali afanye kazi chini ya macho ya mwenye uzoefu, idadi ya meno iandikwe katika daftari, na asiachiwe peke yake mpaka msimamizi atie sahihi.

La pili, video ziwe za Kiswahili na Kifaransa, ziwekwe kwenye kadi ya simu, zipitishwe mkono kwa mkono. Huku mtandao unakuja na kuondoka, lakini simu inachajiwa kwa jua. Na mgonjwa anayerekodiwa aombwe ruhusa, uso wake usionekane. Watu waliokimbia wana sababu za kutotaka kuonwa.

La tatu, vyombo. Koleo za aina zinazohitajika, ganzi, na chombo cha kutakasa kwa mvuke wa presha, maana kuchemsha kwa maji peke yake hakuui vijidudu vyote. Muuguzi mwenye video bila vyombo hivyo ameangalia sinema tu.

Na ninyi ndugu zetu mlio katika kambi na katika familia zilizowapokea, msingoje mashirika kwa jambo hili: mtu akivimba chini ya taya, akiwa na homa, akishindwa kufungua kinywa au kumeza, apelekwe siku hiyo hiyo. Msiweke aspirini juu ya ufizi, inachoma nyama. Na mtoto aliyekonda, au aliyetoka kuugua surua, fizi zikianza kutoa damu na kinywa kikinuka vibaya, msidhani ni kidonda tu. Inaweza kuwa noma, ugonjwa unaokula shavu na kuua watoto wengi wasipotibiwa. Shirika la Afya Duniani liliuweka Desemba 2023 katika orodha ya magonjwa yaliyosahauliwa. Ukiwahiwa mapema, dawa za kawaida za kuua vijidudu, usafi wa kinywa na chakula bora vinaweza kuusimamisha.

Maneno haya ya mwisho nayo yangefaa kuwa video, fupi, kwa sauti ya mama wa huku, ipitishwe katika kila simu ya kambi. Ya kung'oa meno tumwachie muuguzi na msimamizi wake. Ya kujua lini kukimbia kituoni ni ya kila mzazi.