Pembetatu isiyochoreka

NENO LA JUMAMOSI
Na Rehema Mshindo

Swali lilikuwa kwenye zoezi la darasa la sita: tafuta mzingo wa pembetatu yenye pande za sentimita 4, 5 na 10. Mtoto akajumlisha, akapata 19, akawekewa vema. Lakini pembetatu hiyo haipo. Laza upande wa sentimita 10 chini, shikiza wa 4 ncha hii na wa 5 ncha ile, kisha ziinamishe zitafutane. Hata zikilala kabisa, inabaki sentimita 1 wazi.

Vema ile inaniuma. Inamzoesha mtoto kujumlisha namba yoyote aliyopewa, bila kujiuliza kama kinachopimwa kipo.

Dawa yake ni ufagio wa chelewa, na mmoja unatosha darasa zima. Mtoto akate njiti ya sentimita 3 na ya 4, kisha atafute ya tatu. Akichukua ya 1, zote zinalala mstari mmoja. Ya 7, hivyo hivyo. Katikati ya hizo, kila urefu unafunga umbo, na hapo ndipo penye utamu: ya 2 inatoa pembe butu, ya 3 na ya 4 zinatoa pembe kali tupu, ya 5 inaleta pembe mraba kamili, ya 6 inarudisha butu. Kanuni kwamba pande mbili zozote kwa pamoja lazima ziuzidi wa tatu ataigundua kabla haijaandikwa ubaoni.

Wapo watakaosema jambo lenyewe liko wazi mno. Wafuasi wa mwanafalsafa Epicurus walimcheka mwanahisabati Euclid kwa kujisumbua kulithibitisha: hata punda analijua, walisema, kwani akiwekewa majani huyaendea moja kwa moja, hapitii pande mbili. Proclus, mwanafalsafa wa karne ya 5, aliwajibu kwamba kuona jambo ni kweli hakutoshi. Kuna kujua kwa nini ni kweli. Niko upande wake. Ila sisi tunawanyima watoto hata huko kuona.

Na jambo hili liko juu ya vichwa vyetu. Chukua kenchi ya nyumba yenye upana wa mita 6. Mbao mbili za mita 3 za kubeba mteremko zitalala bapa. Ziongeze sentimita 5 tu kila moja, kilele kinapanda sentimita 55! Zikishapigiliwa, umbo halichezi, maana pande tatu zikishajulikana, pembe nazo zimeshaamuliwa. Fremu ya mbao nne yenye msumari mmoja kila kona huenda upande ukiisukuma, ndiyo maana fundi huikatiza kwa ubao wa mshazari.

Watunga mitihani, wekeni basi swali hili: seti nne za urefu, mtoto aseme ipi haichoreki na aeleze kwa nini. Alama nyingi ziende kwenye maelezo.