Bukavu: Nyalukemba inahitaji hospitali ya mchana kwa wagonjwa wa akili

Katika kata ya Nyalukemba, mtaani Ibanda, familia nyingi zenye mgonjwa wa akili hubisha kwanza kwenye chumba cha maombi, halafu kwa mganga wa kienyeji. Pesa zikiisha na majirani wakianza kulalamika, ndipo wanakumbuka SOSAME, kituo ambacho mafurere wa Charité wanakiendesha Bukavu tangu miaka ya 1990. Mgonjwa analazwa, anapewa dawa, anatulia, anarudi nyumbani na vidonge vyake na tarehe ya kumwona tena daktari.

Kuanzia siku hiyo anabaki peke yake. Nyumbani kuna watoto wanaomcheka, shemeji anayeficha visu, baba anayeona afadhali asitoke nje ili jina la familia lisichafuke. Na Nyalukemba, yenye Muhumba na nyumba kubwa za kando ya ziwa, inajua sana kuficha. Siku moja vidonge vinaachwa, na safari inaanza upya kwenye chumba cha maombi.

Kinachokosekana hapo katikati ni hospitali ya mchana. Mgonjwa anafika asubuhi, anameza dawa mbele ya muuguzi, anakula na wenzake, anazungumza katika kikundi na peke yake na anayemtibu, jioni anarudi kulala kwao. Afrika inaijua njia hiyo zamani. Huko Abeokuta, Nigeria, daktari Thomas Adeoye Lambo aliianza katika miaka ya 1950: wagonjwa walilala katika nyumba za wanakijiji na kutibiwa mchana.

Hapo ndipo tiba ya mazungumzo, ile waganga wa akili wanaiita kwa herufi za Kifaransa TCC, inapata nafasi yake. Wazo linazaa woga, woga unabadili mwenendo, na mwenendo unalipa wazo nguvu zaidi. Mama aliyetoka hospitali anaamini soko lote la Nguba linamcheka. Basi haendi tena kuuza sambaza, na kwa kuwa haendi, hawezi kujua kama ni kweli. Anayemtibu hamwambii aache ujinga. Anamuuliza amejuaje, kisha wanapatana juu ya jaribio dogo: leo jioni aende sokoni nusu saa pamoja na dada yake, ahesabu waliomcheka na waliomsalimu. Kesho asubuhi analeta jibu. Aliyelazwa hawezi kufanya jaribio hilo, kwa sababu ukuta unamkinga na soko. Anayerudi kwa daktari baada ya mwezi atakuwa amekwisha kulisahau.

Wengine watasema hayo ni mambo ya Wazungu, ya watu waliosoma. Jibu liko hapa hapa Kivu. Mwaka 2013 jarida la uganga The New England Journal of Medicine lilitoa matokeo ya utafiti uliofanywa na wanawake 405 waliopata ubakaji au kuushuhudia, katika vijiji vya Kivu ya Kusini na Kaskazini. Wanawake 157 walipata tiba ya aina hii katika vikundi. 248 walisaidiwa mmoja mmoja kwa njia ya kawaida. Baada ya miezi 6, wenye dalili za huzuni kubwa au wasiwasi walikuwa asilimia 9 katika vikundi, na asilimia 42 kwa wale wengine. Waliowatibu hawakuwa madaktari. Walikuwa wasaidizi wa kisaikolojia wa Kikongo waliofundishwa kazi hiyo. Wengi kati ya wanawake hao hawakujua kusoma, kwa hiyo mafundisho yaliwekwa kichwani badala ya kwenye karatasi. Na vita vilikuwa vinaendelea.

Ni kweli, ile haikuwa hospitali ya mchana, na wanawake wale hawakuwa watu wanaosikia sauti zisizokuwepo. Kwa wagonjwa wa namna hiyo dawa inabaki ya lazima, na pasta anayewaamuru waiache anawaumiza. Lakini mtu aliyetulia kwa dawa bado ana aibu, woga na mikono isiyo na kazi, na hakuna kidonge cha kumrudisha sokoni.

Swali gumu ni pesa. Tangu M23 ilipoingia Bukavu Februari 2025 benki zilifunga milango, na familia inayohesabu franka za unga haiwezi kulipa moto kila siku kwenda na kurudi. Ndiyo sababu huduma hii inapaswa kuwa karibu, mahali mgonjwa anafika kwa miguu. Haihitaji jengo jipya. Eneo la afya la Ibanda likitenga vyumba viwili katika kituo kimoja cha Nyalukemba, na mashirika yenye maofisi kando ya ziwa yakilipa mishahara ya wasaidizi wachache na sahani ya chakula cha mchana, kazi inaweza kuanza na wagonjwa kumi tu, wale waliotoka kulazwa mwezi huu na ambao kesho asubuhi hawana pa kwenda.