Cheti Kisipoonekana, Haki Isipotee

VITA dhidi ya dawa za kulevya ni vita ya Taifa zima. Hakuna mwananchi mpenda maendeleo atakayewaonea huruma wanaowauzia vijana sumu. Lakini vita isiyomtofautisha adui na raia mwema hugeuka kuwa dhuluma.

Morfini ni mfano ulio wazi. Ni dawa inayodhibitiwa vikali, na Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015 haina mzaha kwa anayekutwa nayo kinyume cha sheria. Hata hivyo, dawa hiyo hiyo, ikiwa ya maji, hutolewa na Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, kwa wagonjwa wenye maumivu makali. Mkataba wa Kimataifa wa mwaka 1961, ulioweka msingi wa udhibiti huo duniani, wenyewe unakiri kwamba dawa za namna hiyo ni za lazima katika kutuliza maumivu.

Mgonjwa aliyelala kitandani kijijini hawezi kuifuata dawa yake. Anayeibeba chupa ndani ya basi ni binti yake, mume wake au jirani. Je, akipekuliwa njiani, na cheti cha daktari kimebaki kwenye dirisha la dawa, tayari ni mhalifu?

Jibu halitolewi kituo cha polisi. Ibara ya 13 ya Katiba ya mwaka 1977 inakataza mshtakiwa kutendewa kama mkosaji kabla kosa halijathibitika. Ni juu ya upande wa mashtaka kuonyesha kwamba kilichokamatwa ndicho kilichopimwa na Mkemia Mkuu wa Serikali. Mahakama ya Rufani, katika Rufani ya Jinai Na. 110 ya mwaka 2007, ilisisitiza umuhimu wa kumbukumbu zinazoonyesha kielelezo kilikamatwaje, kikapita mikononi mwa nani, hadi kufika mahakamani.

Mshtakiwa naye ana wajibu wake. Anayesema anayo ruhusa ya kisheria ndiye ajuaye alikoipata, basi asiishie kukana tu. Kupotea kwa karatasi si kupotea kwa ukweli. Jalada la mgonjwa, daftari la dawa, maandishi yaliyobandikwa kwenye chupa na maelezo ya daktari, vyote ni ushahidi. Aombe viletwe mapema. Kama hana uwezo wa kumlipa wakili, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imewekwa kwa ajili ya watu kama yeye.

Hata hivyo, haki isingoje hukumu. Hospitali zimwandikie barua kila anayemchukulia mgonjwa dawa hizo. Askari aulize hospitali kabla ya kufungua jalada la kesi. Wananchi nao wasigawane dawa hizo majumbani, na zinazobaki zirudishwe zilikotoka, maana uzembe huo ndio unaowapa walanguzi mahali pa kujificha.

Chupa ya morfini inapozuiwa wiki moja kama kielelezo, mgonjwa hukaa wiki moja bila usingizi. Mlanguzi na abanwe bila huruma, lakini asiadhibiwe mgonjwa kwa makosa ya mlanguzi.