Hofu Huambukiza

Akili ya mtu ina tabia ya kupokea yale ambayo wengine wameyasadiki, hasa wakati wa shida. Tabia hiyo si ya wajinga peke yao. Msomi naye, awaonapo watu wakikimbia, miguu yake huondoka kabla hajauliza sababu.

Jambo hilo lilionekana wazi huko Likoni mwaka 1997. Usiku wa tarehe 13 Agosti washambulizi walivamia kituo cha polisi, wakaua askari sita na kuchukua bunduki zaidi ya 40. Katika majuma yaliyofuata watu zaidi ya 100 waliuawa, na wapatao 100,000 walihama makwao. Hatari ilikuwa ya kweli, wala hapana haki ya kuwacheka waliokimbia. Lakini silaha moja iliyotumika ilikuwa karatasi tu: vikaratasi visivyo na jina la mwandishi, vikiwaamuru watu wa bara waondoke Pwani. Kikaratasi hakina mkono wala panga. Nguvu yake hutoka kwa msomaji. Huyo humweleza jirani. Jirani hufunga godoro. Mtu wa tatu huliona godoro kichwani, akalihesabu kuwa ushahidi mpya, kumbe ni habari ile ile imepita njia nyingine.

Washambulizi nao hawakuepukana na udhaifu huo. Walilishwa kiapo na kupewa hirizi, wakaambiwa kuwa risasi hazitawadhuru. Kila mmoja aliwaona wenziwe wakisadiki, naye akasadiki. Ndivyo ilivyokuwa Tanganyika katika vita vya Maji Maji, 1905 hadi 1907, watu walipotumaini kuwa maji ya dawa yangezuia risasi za Wadachi. Mlango uingizao hofu ndio uingizao ujasiri wa uongo.

Dawa yake si kuziba masikio, kwani mara nyingine onyo la jirani huokoa maisha. Mwenye watoto na awapeleke kwanza mahali pa salama. Kisha na aulize: Ni nani aliyeona kwa macho yake? Aliona nini, na wapi? Je, habari zimetoka kwa watu wawili mbalimbali, au ni neno la mtu mmoja lililopita katika vinywa kumi? Asipopata jibu, na asilipeleke neno hilo kwa mtu mwingine ye yote.